Gari la kabureta linakosa nguvu mlimani? Jua linakosa lini kabla ya kununua kabureta nyingine

Bukoba. Gari limewaka vizuri asubuhi, sailensi imetulia, halitoi moshi wa ajabu. Dereva anaondoka mjini, anafika kwenye mpando wa kwenda Rwamishenye, anakanyaga mafuta ili aongeze mwendo, na hapo gari linasita kama kuna mtu amelishika kwa nyuma. Akizidi kukanyaga, linazidi kulegea. Akiachia kidogo, linavuta kidogo.

Kwa wenye magari ya zamani mkoani Kagera hiyo siyo habari mpya. Peugeot 504, Land Rover 109, Corolla KE70, pikapu za Datsun, Toyota Hilux za miaka ya 1980, Suzuki ndogo za SJ410. Yote haya yalitoka kiwandani kabla kompyuta haijaanza kuipimia injini mafuta. Kazi hiyo inafanywa na kabureta.

Tatizo lenyewe siyo kero tu. Barabara ya Bukoba kwenda Muleba ina vilima na kona, na inabeba mabasi na malori ya Biharamulo na Mwanza. Dereva aliyehamia kulia kulipita lori, nguvu ikakatika akiwa ubavuni mwa lori hilo na gari jingine linashuka mbele yake, ana sekunde chache tu za kuamua. Anayemkimbiza mgonjwa hospitali ya Ndolage au Rubya naye hana muda wa kusimama katikati ya mlima kungoja injini ipoe.

Halafu kuna hela. Jibu la haraka katika gereji nyingi ni "kabureta imekufa". Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi kabureta inasingiziwa, kumbe mkosaji ni filta ya mafuta, waya wa akselereta, plagi au hata mfuniko wa tangi. Mwenye gari ananunua kabureta ya kuiga, gari linaonekana zima kwa siku mbili, kisha linarudi kule kule. Kabla ya kufungua chochote kuna jambo moja la kujua, nalo ni bure: nguvu inakatika wakati gani hasa?

Kwanza sikiliza mlio

Dereva akikanyaga mafuta mlimani na injini ikapandisha mlio, lakini mwendo hauongezeki, injini haina kosa. Klachi inateleza. Hakuna kabureta duniani itakayotibu klachi.

Mlio ukigoma kupanda, injini yenyewe ndiyo inakosa kitu, au kuna kinachoizuia. Breki inayoshika ni mfano mzuri. Gari likiwa tambarare, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiwa, watu wawili waweze kulisukuma bila kutoa jasho. Likigoma, au rimu moja ikawa ya moto kuliko nyingine baada ya safari fupi, fundi aanzie kwenye breki.

Hayo mawili yakishaondolewa, injini ya petroli inabaki na mahitaji matatu tu: mafuta, hewa na cheche. La nne ni kompresheni, lakini hiyo haifi ghafla Jumanne asubuhi. Hufifia kwa miezi.

Kwa nini likisimama linaonekana zima

Ndani ya kabureta hewa inapita kwenye koo jembamba. Ikipita hapo kasi inaongezeka na presha inashuka, kwa hiyo petroli inanyonywa kutoka kwenye kibakuli kidogo kupitia vitundu vya shaba vinavyoitwa jeti. Floti inayoelea ndani ya kibakuli ndiyo inayolinda kimo cha petroli, kama ile ya tangi la choo. Mchanganyiko unaoungua kikamilifu ni takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini inapobeba mzigo mzito hutaka petroli zaidi, kilo 12 hadi 13 za hewa kwa kilo ile ile 1.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kabureta ya gari haina njia moja ya mafuta. Ina njia ya sailensi, ina njia kuu, ina pampu ndogo ya kurushia petroli unapokanyaga ghafla, na nyingi zina koo la pili linalofunguka pale tu dereva anapotaka nguvu nyingi. Kwa hiyo gari lenye sailensi nzuri limethibitisha jambo moja tu, kwamba njia ya sailensi iko wazi.

Ndiyo maana fundi anayelipiga gari resi likiwa limesimama, kisha akasema "mbona liko sawa bosi", hajapima kitu. Injini isiyo na mzigo inahitaji petroli kidogo sana kufika mlio wa juu. Kipimo cha kweli ni mlima, fundi akiwa amekaa ndani ya gari.

Linasita sekunde ile ile unapokanyaga

Huu ni ugonjwa wa kwanza. Dereva anakanyaga, gari linazubaa kwa sekunde moja au mbili, pengine linakohoa kupitia kabureta, kisha linashika na kuondoka vizuri.

Mguu unapoangukia pedeli ghafla, hewa inaingia mara moja kwa sababu ni nyepesi. Petroli ni nzito, inachelewa. Ile pampu ndogo imewekwa kuziba pengo hilo kwa kurusha mchirizi wa petroli kooni. Mpira wake ukikauka au ukichanika, au kitundu cha kurushia kikiziba, injini inapata hewa tupu kwa muda huo.

Kupima ni rahisi. Injini izimwe, mfuniko wa filta ya hewa utolewe, mtu achungulie kooni kwa tochi wakati mwenzake anakanyaga pedeli. Mchirizi utoke papo hapo, mnyoofu na wenye nguvu. Ukitoka kwa kuchelewa, ukidondoka kama mate, au usipotoka kabisa, dawa ni mpira wa pampu. Kabureta nzima haihusiki. Sigara ikae mbali, na tochi iwe ya betri.

Hapa kuna mtego wa zama hizi. Vijana wengi wa gereji wamejifunzia kabureta kwenye bodaboda, na wengine wana mikono mizuri kweli. Lakini kabureta nyingi za bodaboda hazina pampu hiyo. Kijana anaweza kuiosha kabureta ya Peugeot mpaka ing'ae, akairudisha na mpira uliochanika, kwa sababu tu hakutegemea kuukuta.

Linavuta kwanza, kisha linaishiwa

Ugonjwa wa pili ndio unaosumbua zaidi kwenye mipando mirefu, kwa mfano dereva anapoiacha barabara kuu Muhutwe na kupanda kuelekea Kamachumu. Gari linaanza vizuri. Baada ya muda linalegea taratibu, kama mtu anayesinzia. Dereva akisimama dakika chache, au akiachia mafuta kwenye mteremko, nguvu inarudi. Mpando unaofuata, mchezo ule ule.

Maelezo yake yapo kwenye kibakuli. Kinabeba petroli kidogo tu, ya kutosha kuanza mlima. Injini ikiila haraka kuliko inavyoletwa, kimo kinashuka na jeti zinaanza kunyonya hewa. Dereva akipumzika, kibakuli kinajaa tena. Kwa hiyo swali linakuwa: nani anachelewesha petroli njiani?

Mshukiwa wa bei nafuu kuliko wote ni mfuniko wa tangi. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu la kupumulia likizibwa na vumbi na udongo, au mwenye gari akiwa amenunua mfuniko wowote uliotosha mdomoni, tangi linajivuta na pampu inashindwa. Nguvu ikikatika, dereva asimame mahali salama na afungue mfuniko. Akisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio, na gari likavuta vizuri baada ya hapo, tatizo limepatikana bila spana hata moja.

Kinachofuata ni filta ya mafuta. Magari haya yana umri wa miaka 35 na kuendelea, na mengi yanatembea na tangi lake la kwanza. Kutu inamenyeka ndani, inasafiri na petroli, inajaa kwenye filta. Kubadilisha filta bila kusafisha tangi ni kujipa likizo ya wiki mbili. Dereva anayezoea kutembea na mafuta ya "taa imewaka" ndiye anayeyakokota hayo matope ya chini kuyapeleka kwenye injini, halafu anashangaa.

Pampu ya mafuta kwenye magari mengi ya aina hii ni ya kusukumwa na injini yenyewe, ina mpira ndani. Kuipima, waya mdogo unaopeleka umeme kwenye koili unachomolewa ili cheche isitoke, mpira wa mafuta unatolewa kwenye kabureta na kuelekezwa kwenye chombo, kisha stata inapigwa sekunde chache. Petroli iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitiririka kinyonge, au ikitoka na mapovu, pampu imechoka au kuna mpira uliopasuka kabla yake unaovuta hewa. Mpira wa namna hiyo hauvuji petroli nje, kwa hiyo macho hayauoni. Kazi hii ifanyike injini ikiwa baridi.

Kuna kipimo cha barabarani ambacho mafundi wa zamani walikipenda. Gari likianza kulegea mlimani, dereva avute choki kidogo, robo hivi. Likipata nafuu, injini ilikuwa na njaa ya petroli, au inaingiza hewa ya wizi kupitia gasketi ya kabureta au mipira iliyopasuka. Likizidi kufa na kutoa moshi mweusi, petroli ipo tena ni nyingi mno, na msako uhamie kwenye hewa na cheche. Kipimo hicho kinamwokoa mwenye gari nusu ya gharama, maana tayari amejua upande wa kwenda.

Kitu kimoja kisifanywe kabisa. Pampu ikifa porini, wapo wanaofunga kidumu cha petroli juu ya bodi au ndani ya boneti na kushusha mpira hadi kwenye kabureta. Gari linatembea, ndiyo. Likikohoa moto kupitia kabureta, au mpira ukichomoka juu ya sailensa iliyopata moto, gari linaungua na waliomo hawapati muda wa kubishana na mlango.

Pedeli imefika chini, koo halijafunguka

Hiki ni kipimo cha dakika mbili ambacho kinarukwa kila siku. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, mwingine atazame ndani ya koo. Kile kisahani cha chini kisimame wima kabisa. Kama kimelala nusu, waya wa akselereta umelegea au umevutika, au zulia la sakafuni limejikunja chini ya pedeli. Gari lilikuwa linaendeshwa kwa nusu ya nguvu zake na mwenyewe hana habari.

Wakati huo huo fundi aangalie kisahani cha juu, cha choki. Injini ikishapata moto kinatakiwa kuwa wazi chote. Kikibaki kimefungwa hata kidogo, gari litakula petroli kama lori na bado halitavuta.

Filta ya hewa nayo inamaliza nguvu kimyakimya. Barabara za vumbi jekundu za vijijini Muleba zinaijaza haraka, na mvua inaugeuza udongo huo kuwa bamba. Kuitoa kwa dakika chache kupima ni sawa. Kutembea bila filta "ili lipumue" siyo sawa, kwa sababu vumbi hilo ni msasa, linakula ringi na silinda. Mtu anatibu ukosefu wa nguvu wa leo kwa kununua ukosefu wa nguvu wa kudumu.

Mwinuko nao unachukua fungu lake

Kuna nguvu ambayo dereva wa Kagera hataipata hata gari likiwa zima kabisa. Ziwa Victoria lenyewe liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bukoba iko kandoni mwake. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Ukipanda hadi mita 1,500, upungufu unafika kama asilimia 14. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Gari lililotoa nguvu farasi 60 Dar litatoa kama 54 likifika Bukoba, na hakuna aliyelihujumu.

Magari mapya yana vifaa vinavyopima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Kabureta haina macho. Iliyopangwa pwani inaendelea kumwaga petroli ya pwani, wakati hewa ni pungufu. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinajaa masizi, gari linakuwa zito zaidi ya zile asilimia 10. Kwa hiyo aliyenunua gari Dar na kulipandisha Kagera asishangae likiwa halina raha hata kama lilivuta vizuri siku ya majaribio. Linahitaji kupangwa upya, na pengine jeti kuu ya namba ndogo kwa hatua moja.

Ushahidi upo kwenye plagi. Gari lipande mlima kwa nguvu, lizimwe hapo hapo bila kuachwa linguruma, plagi zitolewe zikishapoa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli nyingi au cheche dhaifu. Nyeupe kama chokaa maana yake petroli kidogo, na hiyo ni hatari kwa valvu. Ikiwa na oili mbichi, ringi au sili za valvu zimechoka, na mazungumzo ya kabureta yaishie hapo.

Cheche inayokimbia mzigo

Wapo mafundi wanaotania kwamba magonjwa mengi ya kabureta hupona kwa kubadilisha plagi. Utani huo una ukweli wa kutosha. Dereva akikanyaga mafuta, mchanganyiko mwingi unaingia na kubanwa zaidi ndani ya silinda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka. Koili iliyochoka inaruka bila shida kwenye sailensi, inashindwa kwenye mzigo. Kwa nje inafanana kabisa na kukosa petroli.

Kinachotofautisha ni namna ya kufa. Njaa ya petroli ni laini, gari linalegea polepole. Cheche ikikosekana gari linamisi, linakatika-katika kwa ukali, linashtuka, wakati mwingine linapiga baruti kwenye sailensa.

Bukoba ni mojawapo ya miji inayopata mvua nyingi nchini, takribani milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar. Unyevu unaingia kwenye kofia ya distributa na kwenye waya za plagi zilizopasuka. Kupima ni usiku, mahali penye giza, boneti wazi na injini inanguruma. Vimulimuli vya bluu vikicheza juu ya waya, umeme unavuja kabla ya kufika kwenye plagi. Mikono ikae mbali, maana umeme huo ni wa maelfu ya volti.

Ndani ya distributa kuna pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Nafasi yake kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Kisigino chake kinavyosagika nafasi inapungua, na taimingi inachelewa yenyewe, kidogo kidogo, mpaka gari linakuwa goigoi bila siku moja ambayo mwenyewe anaweza kusema "lilianza leo". Chini ya pointi kuna vizito viwili vyenye springi vinavyowahisha cheche mwendo ukipanda. Vikishika kutu, gari linatoka vizuri lakini linakataa kuchanganya. Rota ikizungushwa kidogo kwa mkono na kuachiwa, inatakiwa kurudi yenyewe. Isiporudi, tone la oili laini na usafi vinaweza kumaliza kazi.

Maji na mafuta ya kwenye vidumu

Sehemu nyingi za vijijini petroli inauzwa kwenye chupa na vidumu, hasa kwa ajili ya bodaboda. Inasaidia, hakuna ubishi. Lakini kidumu kilichokaa mvuani, au kilichobeba kitu kingine jana, kinaleta maji na uchafu moja kwa moja kwenye tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanatulia chini, mle mle ambamo bomba la kunyonya lipo. Mlimani tangi likiinama, yanasogea.

Mwenye wasiwasi amimine petroli kidogo kutoka kwenye kibakuli cha kabureta kwenye chupa nyeupe ya kioo na kuiacha itulie. Maji yakiwepo yataonekana chini kama lenzi.

Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ulikuwa mchezo mkubwa enzi mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini sana. Tangu 2010 mafuta yanayouzwa nchini huwekewa vinasaba ili yakaguliwe, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Dalili zake bado zafaa kujulikana: injini inagonga mlimani kama misumari kwenye kopo, inatoa moshi na inakuwa ngumu kuwaka.

Jambo jingine la mafuta linahusu injini zenyewe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi hiyo ilikuwa sumu kwa watu, lakini ililinda viti vya valvu vya baadhi ya injini za zamani. Bila hiyo viti vinakulika, nafasi ya valvu inaziba, na kompresheni inapotea. Kwa hiyo kwenye gari la zamani kupima nafasi ya valvu siyo anasa, ni kazi ya kila msimu.

Waya usiingie kwenye jeti

Ikishathibitika kuwa kosa liko ndani ya kabureta, namna ya kuisafisha ndiyo itaamua kama gari litapona. Kosa kubwa ni kuzibua jeti kwa waya wa chuma. Kwenye kabureta nyingi za Solex na Weber, namba ya jeti ni kipenyo cha tundu lake kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ya 110 ina tundu la milimita 1.10. Shaba ni laini. Waya ukilipanua tundu hilo hadi 1.20, tofauti ambayo jicho halioni, njia ya petroli imeongezeka kwa karibu asilimia 19. Na mwinuko wa Bukoba ulikuwa unataka petroli ipungue kwa kama asilimia 5.

Gari hilo litaondoka gereji likiwa na njaa ya hewa. Litakula mafuta, litajaza plagi masizi, na fundi wa tatu atasema kabureta imekufa. Safari hii atakuwa sahihi.

Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta au petroli safi na upepo wa kompresa. Kimo cha floti kipimwe kwa rula kufuatana na kitabu cha gari husika, siyo kwa kukadiria. Gasketi ziwe mpya. Baada ya hapo gari lirudishwe kwenye mlima ule ule lilikoishiwa nguvu, na plagi zisomwe tena.

Aliyebadilisha jeti kwa ajili ya Kagera ahifadhi zile za mwanzo kwenye mfuko na kuziweka ndani ya dashibodi. Gari likiuzwa au likirudi Dar, litahitaji petroli ile ya kwanza. Likiachwa na jeti za Bukoba kwenye hewa nzito ya pwani, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka na valvu zinaungua.